TULIYOYAONA MLIMANI, NA KILIMA CHETU WENYEWE

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa Ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)



Mlitutuma watu sita twende mlimani tukaone wenzetu wanaishije. Nauli mlitoa ninyi, kwa hiyo hatuna budi kuwaeleza tuliyoyaona, mazuri na mabaya. Tusipoeleza itakuwa tumekwenda kutembea tu kwa fedha za Ushirika.

Tulitoka hapa alfajiri, tukapita Korogwe, tukafika Mombo. Kutoka Mombo barabara inaanza kupanda. Mpaka Lushoto ni kama kilometa 33, na katikati ya njia ndipo ulipo mji mdogo wa Soni. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Mzee wetu mmoja alifumba macho mpaka tulipofika, na hapa hatumtaji jina.

Soni si mji mkubwa. Kuna maduka, stendi, maporomoko ya maji karibu na barabara, na gulio. Siku ya gulio watu hushuka kutoka kila upande wa mlima na mizigo kichwani: kabeji, karoti, nyanya, viazi, peasi, plamu. Malori yanangoja kupeleka Dar es Salaam. Lushoto nao ni mji wa namna hiyo hiyo, umekaa bondeni kati ya milima, penye baridi. Wajerumani waliupenda wakauita Wilhelmstal, lakini jina hilo lilikwenda na wenyewe.

Msidhani kule ni ugenini. Wazigua, Wanguu, Wabondei na Wasambaa sote tunaitwa wana wa Seuta, na lugha zetu zinasikilizana. Wazee wanasimulia kwamba Mbegha, mtawala wa kwanza wa Wakilindi kule Vuga, alikuwa mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, huku huku kwetu. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, akawagawia nyama, akaua simba kwa mkono wake, watu wakamkubali. Maana yake alikubaliwa kwa sababu alilinda shamba na aligawa. Tulishike hilo, tutalirudia.

Sasa jambo la kwanza tuliloliona ni ardhi. Kule mashamba yamesimama kama ukuta. Mvua ikinyesha, udongo wote ungekuwa Mombo. Lakini wenye bidii wamekata matuta ya kukinga mteremko, na kwenye kingo wamepanda majani ya gwatemala na matete. Majani yanashika udongo, kisha yanakatwa kulisha ng'ombe anayefugwa bandani. Samadi ya ng'ombe inarudi shambani. Hakuna kinachopotea hapo.

Tukauliza, mbona mnafanya hivi kwa moyo? Wakatucheka. Wakasema babu zao walikataa matuta. Katika miaka ya 1950 serikali ya wakoloni iliwalazimisha kuchimba, asiyechimba alishitakiwa. Watu waligoma, mpango ule ukafa kabla ya Uhuru. Baadaye, kuanzia mwaka 1981, ulikuja mradi wa hifadhi ya udongo pale Lushoto, uliofanya kazi na wakulima kwa kuwaonyesha na kuwapa miche. Wengi wakakubali. Kazi ni ile ile ya kuzuia udongo. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mkulima aliona faida yake mwenyewe, maziwa na samadi. Viongozi tulioko hapa tulisikie hilo: amri peke yake haioteshi jani.

Wasambaa wana msemo, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Zamani ilisemwa juu ya watawala na mvua. Siku hizi nchi inaponywa au inaharibiwa na kila mwenye jembe na panga.

Juu ya Lushoto uko msitu wa Magamba, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia. Maji ya milima ile hayabaki kule. Mto Mkomazi na Mto Lwengera inayapokea, nayo inaingia Pangani, na Pangani ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme ya Hale tangu mwaka 1964. Mtu akikata mti Usambara, wa bondeni atajua.

Jambo la pili tuliloliona si zuri. Kule mlimani wanauza vibaya kama sisi. Tuliona viazi vinajazwa lumbesa, gunia limevimba na kofia juu yake. Tuliona mama amebeba tenga la nyanya kutoka mbali, dalali akamwambia bei, akakataa, jua likapanda, nyanya zikaanza kulainika, mwisho akachukua bei ndogo kuliko ile ya asubuhi. Na vijana wengi wameshuka kwenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa barabarani. Hivyo msiseme mlimani ni peponi. Shamba wamelishinda, gulio limewashinda.

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alitusomea habari ya mji mwingine wa mlimani, nao uko Japani, katika mkoa wa Oita. Unaitwa Oyama. Ulikuwa mji wa watu maskini, ardhi ya miteremko, mahali pa kulima mpunga padogo. Serikali yao wakati ule ilihimiza mpunga. Mwaka 1961 wenyewe wakaona hapana, wakachagua plamu na njugu za miti zinazoitwa chesnati. Mkuu wa mji alikuwa pia kiongozi wa ushirika wao. Wakaweka shabaha ya kuchekesha: tupande plamu na chesnati, twende tukatembee Hawaii. Na kweli wakaenda. Mwaka 1979 gavana wa mkoa akaeneza mfano ule, kila kijiji kichague zao lake la kujivunia. Na mwaka 1990 ushirika wa Oyama ukafungua soko lake ambamo mkulima mwenyewe huandika bei na jina lake juu ya mzigo.

Nao pia hawajamaliza matatizo. Japani vijijini vijana wanahama, shule zinafungwa kwa kukosa watoto, na Oyama yenyewe iliunganishwa na mji wa Hita mwaka 2005. Lakini bei ya plamu zao waliandika wao. Hilo ndilo tunalolitaka.

Ndugu zangu, sasa tuje kwetu.

Kilima chetu kilikuwa na miti, na chini yake kisima. Leo mnajua. Akina mama wanaamka saa tisa usiku kupanga ndoo. Kwenye mkutano uliopita mama mmoja alisema, "Kisima hiki hakikufa, kimeuawa." Watu wakawatazama vijana wa mkaa. Lakini tuseme kweli: mkaa ule unanunuliwa na nani? Magari yanachukua, ndiyo, lakini hata sisi tunaosema hapa, jikoni kwetu ugali unapikwa kwa mkaa wa kilima kile. Tumenunua, tumenyamaza. Kosa hilo tunalikiri mbele yenu, na tangu tuliporudi mlimani tumeacha.

Vijana wale si adui. Wanachoma mkaa kwa sababu mahindi ya baba yao yaliuzwa lumbesa. Fanyeni hesabu. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani hesabu hii tuliifanya ubaoni mara nyingi. Gunia la haki ni kilo 100. Dalali akilijaza mpaka kilo 125, kila magunia manne unampa kilo 100 bure, yaani gunia zima la tano. Mwenye magunia ishirini kagawa matano. Magunia hayo matano ndiyo ada na kiatu cha mtoto, na ndiyo yanayompeleka kijana kilimani na shoka. Na sheria ya vipimo inakataza lumbesa. Mbona tunaikubali? Kwa sababu kila mtu anauza peke yake mlangoni kwake, akiwa na shida ya siku hiyo.

Kwa hiyo Kamati inaleta mambo matatu, mkayajadili nyumbani, Jumamosi ijayo tupige kura.

Kwanza, Ushirika ununue mizani, ikae ghalani, na mwanachama asiuze hata gunia moja bila kupima. Anayenunua aje ghalani. Asiyetaka mizani aende zake.

Pili, kilima kipumzike. Hakuna panga wala moto kuanzia kisimani mpaka kileleni. Tupande mijohoro pembeni kwa ajili ya kuni za baadaye. Karibu na kisima tusipande mikaratusi, inakunywa maji mengi, tuiachie miti ya asili irudi yenyewe.

Tatu, vijana wa mkaa walipwe na Ushirika msimu huu kuotesha miche na kuchimba makinga maji. Fedha itoke kwenye ushuru wa ghala. Wako wanaosema fedha ni kidogo. Ni kweli ni kidogo, na wengine wetu tutachelewa kupata malipo yetu. Tunawaambia mapema ili Jumamosi mtu asiseme alidanganywa.

Mbegha alikubaliwa kwa sababu alilinda shamba na aligawa nyama. Tukiwakataza vijana mkaa bila kuwapa kitu, tutakuwa tumelinda bila kugawa, na usiku watapanda tena kilimani. Tukigawa bila kulinda, mwakani hatutakuwa na maji ya kuchanganyia hata unga.

Mkutano ni saa nane mchana, chini ya mwembe wa ofisi. Akina mama njooni, kisima ni chenu kwanza. Vijana wa mkaa nanyi njooni, mtasema wenyewe.

 Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi