Goti la kijana si goti la mzee



Leo hatusemi juu ya uchaguzi wala barabara. Tunasema juu ya magoti. Wengine munacheka. Lakini kati yetu kuko mwenzetu wa miaka 26, mwenye diplome sawa na sisi, hawezi kupanda ngazi. Aliumia kwenye futiboli akiwa na miaka 15. Wakamufunga bandeji, basi. Leo kartilaji, ile ngozi laini ya ncha za mifupa, imekwisha. Mfupa unasuguana na mfupa. Muganga mumoja alimwambia: «Ngoja uzeeke, ama enda India.» Hilo si jibu.

Tuliuliza, tukasoma. Njia ziko, na ziko na mpangilio.

Ya kwanza ni mazoezi ya kutia paja nguvu, na kupunguza uzito. Kila kilo unayopunguza inaondolea goti karibu kilo 4 kwa kila hatua. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima.

Ya pili ni dawa. Diclofenac na ibuprofen ni za siku chache; ukizimeza miezi, zinaharibu tumbo na figo. Sindano ya ndani ya goti inatuliza wiki kadhaa, haiponyeshi. Na zile dexa ambazo watu wananunua sokoni ili wanenepe, tuache! Zinaweza kuua mfupa, na tena zinaongeza kilo. Mwenye damu ya SS naye amwambie muganga mapema: mifupa yake inaweza kufa kwa sababu ingine.

Ya tatu ni osteotomi. Kama goti limelika upande mumoja tu, wanakata mfupa, wananyoosha mguu, uzito unahamia upande mzima. Kijana anabakia na goti lake mwenyewe, na mara nyingi anapata miaka mingi ya kutembea.

Ya mwisho ni goti la chuma na plastiki. Kati ya 100, karibu 82 yanadumu miaka 25. Lakini kijana analichosha haraka, na iko na maisha marefu mbele yake: atapasuliwa tena. Njo maana waganga wanangoja. Kungoja hakumaanishi kukataza: kama maumivu yamekula maisha yote, hata kijana anaweza kuwekewa.

Sasa, nani analipa? Baba zetu wa Gécamines walitunzwa kwa hospitali za kampuni. Sisi wasio na kazi, hatuna kampuni. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Mwaka 2023 serikali ilianzisha kuzaa bila malipo. Basi, ikitaka, inaweza.

Tunaomba serikali ya jimbo mambo matatu: mazoezi ya viungo kwenye hospitali ya kila komini, bei ya radio na ya operesheni ibandikwe ukutani, na waganga wa Haut-Katanga wapewe mafunzo na vyombo vya osteotomi hapa hapa.

Na wewe, wa Katuba, Kenya ao Ruashi: goti likijipinda na kuvimba, usingoje. Lionyeshe wiki hii. Mwenzetu alingoja miaka 11.

Tunaanza kuandika majina ya vijana wenye shida hii, komini kwa komini. Tukiwa na hesabu mkononi, hawatasema tena ni ugonjwa wa wazee.