Msaada Uliokabidhiwa Wazee

Somo: Matendo ya Mitume 11:27–30

Ikiwa Biblia i karibu nawe, fungua Matendo ya Mitume sura ya 11, tuitazame pamoja mistari minne ya mwisho.

Habari yenyewe ni fupi. Nabii mmoja aitwaye Agabo alitoka Yerusalemu akafika Antiokia, akatangaza kwa uwezo wa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Nayo ikaja kweli, katika siku za Kaisari Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia hawakungoja mpaka watoto wa Uyahudi wabaki mifupa. Walikata shauri mapema, kila mtu akatoa kadiri alivyoweza. Mchango huo ulichukuliwa na Barnaba na Sauli. Na je, ulikabidhiwa nani? Luka anatuambia wazi kwamba ulikabidhiwa wazee wa kule kule kwenye shida.

Huo ndio msaada wa kuvuka mipaka ambao kanisa liliutoa tangu mwanzo. Leo misaada ya namna hiyo huchukuliwa kwa ndege na meli, nayo huhesabiwa kwa mabilioni. Lakini mambo matatu tunayoyaona Antiokia hayajabadilika.

Jambo la kwanza ni kutoa, na kutoa kile kinachohitajiwa. Mwaka 2011, ukame ulipowapiga ndugu zetu wa Turkana na sehemu nyingine za kaskazini, Wakenya walichanga zaidi ya shilingi milioni 600. Wengi walituma kidogo kidogo kwa simu, kila mtu kwa uwezo wake. Tunamshukuru Mungu kwa moyo huo. Walakini moyo mwema peke yake hautoshi. Desemba 26, 2004, mawimbi ya tsunami yaliangamiza pwani ya Aceh, nchini Indonesia. Zaidi ya watu 160,000 walikufa au kupotea katika nchi hiyo. Dunia ikaitika kwa haraka. Miongoni mwa vitu vilivyopelekwa Aceh kulikuwa na tani kama 4,000 za dawa. Nyingi hazikuwa zimeombwa na mtu, na nyingi ziliandikwa kwa lugha ambayo wauguzi wa huko hawakuweza kuisoma. Nyingine muda wake ulikuwa umekwisha. Ikabidi wenyeji, katikati ya msiba wao, watafute tena mahali pa kuziteketeza. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi kabla ya kufunga mzigo, tumwulize anayekilalia.

Jambo la pili ni kuwakabidhi wenyeji kazi yao. Januari 12, 2010, tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Serikali ya nchi hiyo ilisema waliokufa walikuwa zaidi ya 200,000, na watu kama milioni moja na nusu wakakosa makao. Vikundi vya waokoaji kutoka nchi za nje viliwatoa watu kama 130 wakiwa hai chini ya vifusi. Ni kazi njema, na waliifanya kwa kujihatarisha. Lakini wengine wengi mno walitolewa na majirani zao kwa mikono mitupu, kabla ya ndege ya kwanza kutua.

Je, majirani hao walipewa nafasi gani baadaye? Machi 31 mwaka huo mataifa yalikutana New York, yakaahidi zaidi ya dola bilioni 5 kwa miaka miwili ya kwanza. Mikutano mingi ya mashirika ya misaada ilifanyika katika kambi ya Umoja wa Mataifa, tena kwa Kiingereza, hali wananchi wa Haiti husema Krioli na Kifaransa. Iliundwa tume ya kusimamia ujenzi mpya, yenye wajumbe wa Haiti na wa kutoka nje. Ilipofika Desemba, wajumbe wa Haiti waliandika kulalamika kwamba mambo yanaamuliwa bila wao. Ni kweli serikali yao ilikuwa imeangukiwa. Karibu majengo yote ya wizara yalibomoka. Lakini wazee wa Haiti hawakufa wote. Walikuwapo wachungaji, walimu, wauguzi na viongozi wa mitaa. Barnaba na Sauli wangewatafuta hao kwanza.

Huko Aceh mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Aprili 2005 serikali ya Indonesia iliunda shirika lake la ujenzi mpya na kuliweka Banda Aceh penyewe, karibu na waliofiwa. Wafadhili walileta fedha na ufundi, lakini wenye nchi ndio walioshika usukani. Makosa yalikuwapo, nyumba kadhaa zilijengwa vibaya, zikabomolewa na kujengwa upya. Hata hivyo, shirika hilo lilipofunga kazi mwaka 2009, nyumba zaidi ya 140,000 zilikuwa zimesimama.

Jambo la tatu ni mikono ya wanaochukua msaada. Antiokia haikumpa mzigo mpita njia. Iliwatuma watu wawili waliojulikana na kuaminiwa. Baadaye, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, Mtume Paulo anaeleza alivyojihadhari asilaumiwe juu ya fedha za mchango, hata akaandamana na ndugu waliochaguliwa na makanisa. Ikiwa Paulo mwenyewe alikubali kuangaliwa, ni nani kati yetu atakayekasirika akiombwa hesabu?

Hata anayekuja kusaidia aweza kudhuru. Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko, kipindupindu kilizuka Haiti. Kilitoka katika kambi ya wanajeshi wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, ambamo uchafu wa vyoo uliingia mtoni. Karibu watu 10,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Ilichukua miaka sita, hadi Desemba 2016, ndipo Katibu Mkuu Ban Ki-moon akawaomba radhi watu wa Haiti. Ndugu zangu, msaada usioweza kuulizwa maswali ni hatari kwa maskini.

Sasa tujiangalie sisi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwatoa maelfu ya watu makwao hapa Kenya. Shida ya namna hiyo itakuja tena, kwetu au kwa majirani, na mchango utatangazwa ibadani. Siku hiyo tutoe bila kusitasita. Tena tuwaulize waliopatwa wanahitaji nini. Tutafute wazee wao ni nani, wanaume kwa wanawake, tuwape nafasi ya kuamua. Na hesabu isomwe mbele ya watu wote, walitoa na waliopokea. Tena tusichoke mapema. Blanketi hugawiwa kwa siku moja, lakini nyumba, shule na shamba huhitaji miaka, wakati redio na magazeti yamekwisha kusahau.

Yule mwenye shida aliumbwa kwa mfano wa Mungu, naye hakupoteza akili yake siku alipopoteza nyumba yake. Tumpe mkate, na pamoja na mkate tumpe heshima.

Na tuombe. Ee Baba, wakumbuke waliobomolewa nyumba zao na waliofiwa, walio karibu nasi na walio mbali. Ifungue mikono yetu tupate kutoa, yafungue na masikio yetu tupate kusikia. Utufanye mawakili waaminifu wa vitu vyako. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.