Baiskeli kwa Wazee Wenye Yabisi Baridi
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Wapo wastaafu, Unguja na Pemba, walioziweka kando baiskeli zao kwa ajili ya yabisi baridi ya magoti, wakidhani kiungo kinachouma hakifai tena kutumika. Dhana hiyo ina madhara. Goti lisilotumika hukakamaa na misuli yake hudhoofu. Ilhali baiskeli hulifanyisha kazi bila ya kulibebesha uzito wote wa mwili.

Anayerejea aanze kwa dakika 10, njia tambarare, baada ya Alasiri, viungo vikiwa vimekwisha kulainika. Kiti kipandishwe hata pedali ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu. Kiti kilicho chini mno hulitesa goti. Mwenye vidole vinavyouma azungushie mpira laini mishikio ya usukani. Penye mlima, au upepo wa kusi ukikaza, ashuke akokote, si aibu.

Maumivu madogo yanayotulia siku ile ile yasimtishe. Yakidumu hadi kesho yake, apunguze masafa. Goti likivimba na kupata moto, apumzike na amwone daktari.