Tumebana Matumizi, Pesa Zimeenda Wapi?

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa parokia)

Tunashukuru kwamba mmeacha kazi za shamba mkaja. Hatutawaweka sana, maana tunajua kuna wenye ng'ombe wa kukama jioni.

Tumeombwa tuzungumze juu ya kubana matumizi ya nyumbani kwa kazi ya mikono yetu wenyewe. Habari hii mmeisikia mara nyingi. Kwa hiyo leo tutaanza na kosa letu sisi wafanyakazi wa maendeleo, halafu ndiyo tufike kwenye mafundisho.

Miaka kadhaa iliyopita tulifundisha kikundi kimoja cha akina mama huku kwetu Ukambani. Tuliwaonyesha kikapu cha kupikia, bustani ya gunia, na jinsi ya kuvuna maji ya paa. Wakashika vizuri sana. Baada ya mwaka tukarudi kuwatembelea. Vikapu tukavikuta, sukuma wiki imestawi, mitungi ina maji. Tukafurahi, tukapiga makofi. Kisha tukauliza, "Na pesa mlizobana, ziko wapi?" Kimya. Mwishowe mama mmoja akasimama akasema, "Baba watoto aliona makaa yamepungua, akapunguza pesa za matumizi." Wengine wakainama. Tukajua hakuwa peke yake.

Basi, ule mwaka mzima mama alikuwa amefanya kazi zaidi, na nyumba haikupata hata shilingi moja ya akiba. Kosa lilikuwa la nani? La kwanza lilikuwa letu. Tulifundisha mikono, hatukufundisha mapatano. Tuliwaita akina mama peke yao, kama kwamba nyumba ina mtu mmoja.

Ndugu zetu, kubana matumizi na kuweka akiba ni vitu viwili. Ukiziba tundu la mtungi, maji hayamwagiki tena chini. Lakini kama hakuna aliyesema maji hayo ni ya nini, jioni mtungi utakuwa mtupu vilevile. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Sasa tuangalie matundu yenyewe.

La kwanza ni makaa na kuni. Wacha tupige hesabu. Tuseme nyumba inanunua mkebe wa makaa wa shilingi 80 kila siku. Kwa siku 30 ni shilingi 2,400. Ukipunguza theluthi moja tu, umebakisha shilingi 800 kwa mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka. Hiyo si pesa ya kuchezea. Na si makaa peke yake. Tangu serikali ilipozuia ukataji miti katika misitu ya umma mwaka wa 2018, wengi wenu mliona wenyewe bei ya makaa ilivyopanda. Na miti iliyokatwa hairudi kwa siku moja.

Kikapu cha kupikia hakihitaji fundi. Tafuta kikapu kikubwa au sanduku la katoni. Weka ndani matambara, blanketi kuukuu au majani makavu ya mgomba, unene wa kama shibiri moja, chini na kandokando, yakiwa yamekazwa. Acha nafasi ya sufuria katikati. Shona mto mnene wa kufunika juu. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke, basi. Mchele ukichemka dakika tano, uingize ndani, nenda shambani. Ukirudi baada ya saa moja na kitu umeiva.

Maharagwe na muthokoi yana masharti yake. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, tia mengine, chemsha kwa nguvu dakika 20 nzima ndipo uingize kwenye kikapu na sufuria yake ikiwa imefunikwa. Usifupishe hapo. Maharagwe mekundu yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo vibaya. Yaache saa nne au zaidi, na usifunue funue kuchungulia. Ukikuta chakula kimekuwa vuguvugu, kichemshe tena kabla ya kula. Kisilale ndani ya kikapu mpaka asubuhi.

Tundu la pili ni maji. Paa la mabati lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 lina mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya jioni moja, inaangusha juu yake lita 300. Tuseme lita 60 zinapotea njiani. Zinabaki 240, ambazo ni mitungi 12 ya lita 20. Ni nani hapa ambaye hajawahi kulipa mtu wa punda kwa mitungi 12? Gata hukunjwa kwa bati moja lililokatwa vipande, likashikwa kwa waya na mbao. Acha maji ya mwanzo yaoshe vumbi la paa yaende chini, ndipo ukinge. Pipa lifunikwe vizuri, mbu wasizalie humo. Na maji ya kunywa yachemshwe.

Tundu la tatu ni mboga. Gunia la kawaida lililojazwa udongo na mbolea ya zizi, na mawe katikati kuanzia chini hadi juu ili maji yapite, linaweza kubeba miche 30 ya sukuma wiki au zaidi, juu na kwenye matundu ya ubavuni. Linaweza kukaa karibu na mlango wa jikoni na kunyweshwa maji yaliyosuuza mboga na vyombo, yale yasiyo na sabuni nyingi.

Tundu la nne ni kununua kidogo kidogo. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, sabuni ya kipande. Tunaelewa sababu: mkononi kuna shilingi 50, utanunua nini kingine? Lakini anayenunua kidogo ndiye anayelipa bei ya juu zaidi. Hapa mtu mmoja hawezi, kikundi kinaweza. Watu kumi wakichanga wakanunua mtungi wa lita 20 wa mafuta ya kupikia, kila mmoja apimiwe lita mbili mbele ya wote, faida ya mwenye duka inabaki kwenu. Lakini pesa zichangwe kwanza. Msichukue bidhaa kwa mkopo mkaja kukosana.

Tundu la tano ni ukarabati. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bati lililong'oka msumari mmoja, lipigilie leo. Sare ya mtoto iliyoachia mshono, ishone Jumamosi, usingoje ipasuke. Hii ni kazi ya sindano na nyundo, na wavulana wajifunze sindano kama wasichana.

Lakini tusipotoshane. Kuna mambo ambayo si ya kujifanyia. Umeme mwachie fundi. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati, asipewe vidonge vilivyobaki vya jirani. Tena msibane chakula cha mtoto. Nyumba inayouza mayai yote huku watoto hawaonji hata moja haijaweka akiba. Imehamisha deni kwenye miili ya watoto.

Na kuna lingine ambalo akina baba wasikie. Kujifanyia kazi kunaokoa pesa, lakini kunakula saa. Saa za nani? Mara nyingi za mama, ambaye tayari ameamka kabla ya jogoo. Akibana matumizi kwa mgongo wake pekee, hiyo si akiba, ni mzigo umehama. Gata ipigwe na baba. Mawe na mbolea za gunia zibebwe na vijana. Wazee wetu Wakamba walikuwa na mwethya, majirani wakitoka pamoja kulima matuta ya mmoja, kesho ya mwingine. Mwethya haukufa. Kikundi chenye nyumba sita kikipiga gata nyumba moja kila Jumamosi, baada ya wiki sita zote zinakinga maji.

Sasa turudi kwenye kile kikundi chetu. Safari ya pili tuliwaita na waume. Si wote waliokuja, na si waliokuja wote waliofurahi. Lakini mzee mmoja alisema mbele ya watu, "Mimi sikujua. Niliona makaa yanatosha, nikadhani nilikuwa natoa pesa nyingi mno." Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia. Siku hiyo yeye na mkewe walipatana kwamba pesa za matumizi zitabaki vilevile, na kinachobaki kitaitwa karo. Si nyumba zote zilizopatana hivyo. Zile zilizopatana ndizo zilizokuwa na kitu mkononi shule zilipofunguliwa.

Kwa hiyo tunawaachia mambo matatu.

Kwanza, patanani kabla ya kubana. Mume na mke wakae chini, na watoto wakubwa wawepo. Aliye peke yake na watoto wake apatane nao.

Pili, zipeni pesa jina. Karo, bati, mbuzi, bima ya afya, lolote, lakini jina moja. Pesa zisizo na jina kila mtu huziita zake.

Tatu, zitoeni nyumbani wiki ileile. Ziingie kwenye sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na kila senti iandikwe katika kitabu cha mwanachama. Anayeweka kwenye simu akumbuke kwamba kutoa kwa wakala kuna ada. Asitoe leo mia na kesho mia.

Kazi ya kwenda nayo nyumbani ni hii: kwa siku saba, andikeni kila shilingi inayotoka. Asiyejua kuandika amtumie mtoto. Halafu chagueni tundu moja tu la kuziba, msikimbilie yote matano. Mwezi ujao tutakapokutana hatutaomba kuona vikapu vyenu. Tutawauliza swali lile lile tulilouliza wakati ule, na safari hii tunataka mtu asimame atujibu.