Hesabu za Jikoni, Herufi za Barazani

[MUZIKI WA KIPINDI, UNASHUKA TARATIBU]

Saa hizi katika nyumba nyingi mtoto wa darasa la kwanza ameshavua sare, ameshakula, na mzazi ameshauliza lile swali letu sote: "Haya, leo mmefundishwa nini?" Jibu unalijua. "Tumesoma tu." Hapo maongezi yamekwisha. Mzazi anaitisha daftari, anaona makosa mawili matatu, anaagiza moja mpaka hamsini iandikwe upya. Mtoto ananyong'onyea, na kwa kweli hata mimi ningenyong'onyea.

Leo tuizungumzie nusu saa hiyo ya jioni. Yaani, nyumbani kuna nini ambacho shule haina?

Shule inajitahidi. Hapa Tanzania, tangu mtaala wa mwaka 2015, darasa la kwanza na la pili yaliwekewa mkazo kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini piga hesabu kidogo. Kipindi ni dakika 30. Ukiwa na watoto 80 darasani, na madarasa ya namna hiyo tunayo, kila mtoto akitaka kusikilizwa peke yake anapata sekunde 22. Sekunde 22 hazitoshi hata kusoma sentensi moja kwa kuungaunga. Ndiyo maana watafiti wa Uwezo, mpango wa kupima usomaji wa watoto, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba mwaka 2010, waliwakuta watoto wengi wa darasa la tatu wanashindwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Wengi wao walikuwa wakienda shule vizuri tu. Walichokosa ni sikio la mtu mzima.

Sasa, sisi wazazi tukisikia habari kama hizo tunakimbilia tuisheni. Sisemi tuisheni ni haramu. Ila mtoto wa miaka sita aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akashinda darasani, halafu jioni akabanwa tena kwenye benchi kuimba silabi zilezile, huyo anasinzia macho wazi. Nyumbani pasigeuzwe shule ya jioni. Nyumbani pana kazi za kweli, pana chakula cha kugawana, pana hela ya kwenda dukani, na pana mtu wa kumsikiliza huyu mmoja.

Tuanze na kusoma, na tuanze bila kitabu. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishasikia vipande vya neno, nusu ya kazi imeisha. Mchezo ni makofi. Mnaosha vyombo au mnasubiri maji yachemke, unamwambia: "Tupige makofi ya *kabati*." Ka-ba-ti, matatu. "*Ndizi*?" Ndi-zi, mawili. "*Mtu*?" Hapa usishangae watu wazima nao wakibishana, maana wengi hupiga kofi moja. Ni mawili: m-tu. *Mbwa* vilevile, m-bwa, mawili, ingawa *mbuzi* naye ni mawili tu: mbu-zi. Mwache mtoto abishe, mwache apige mwenyewe, ajisikilize. Mtoto aliyezoea kuisikia hiyo *m* ikisimama peke yake hataandika "tu" akitaka "mtu", kosa ambalo walimu wa darasa la kwanza wanalijua sana.

Baada ya wiki moja au mbili ongeza sauti. Nani atataja vitu vitano vinavyoanza kama *ngoma*? Nani atapata hata viwili vinavyoanza kama *ng'ombe*? Ng'ombe, ng'ambo... hapo kichwa kitamuuma kila mtu, na baba aliyekuwa anajifanya anasikiliza taarifa ya habari atajikuta ameingia mchezoni.

Vitendawili ni vya jamii hiyo hiyo. Tuna hazina kubwa, ila usiishie kumtegea mtoto vile vya zamani anavyovijua. Mwambie atunge. Atazunguka nyumba nzima akivitazama vitu kwa jicho jipya, kisha atarudi: "Kitendawili!" "Tega!" "Ana mkono mmoja, hana vidole." Kikombe. Kutunga kimoja cha namna hiyo kunataka mtoto achague sifa, aifiche, na apange maneno. Kazi ya insha hiyo, na hakuna aliyeshika kalamu. Ukishindwa, mpe mji kwa moyo mkunjufu.

[MUZIKI MFUPI]

Hesabu, msikilizaji, zinakaa jikoni. Chapati ni kumi, watu ni wanne. Mwache mtoto agawe. Ataweka mbili mbili, zitabaki mbili, atakwama. Shuleni hilo linaitwa kugawanya kwenye baki. Jikoni linaitwa ugomvi. Usimwokoe haraka. Atatazama chapati, atawatazama ndugu zake wanavyomkodolea macho, na mwisho ataomba kisu. Siku mwalimu atakapoandika nusu ubaoni, yeye nusu ameshaila.

Unga nao una lake. Kama kwenu bado mnapima kwa kibaba, mwulize pishi moja inajaa kwa vibaba vingapi, kisha mwache apime mwenyewe mpaka afike vinne. Unga kidogo utamwagika. Ndiyo ada yake.

Dukani ndiko ninakokupenda zaidi. Mpe noti ya shilingi elfu moja akanunue chumvi ya mia tano na kiberiti cha mia moja. Kabla hajatoka mlangoni mwulize chenji itakuwa ngapi. Akianza kuhangaika na kutoa, mfundishe njia ya mwenye duka: wenye maduka wengi hawatoi, wanapanda. Vitu ni mia sita; mia saba, mia nane, mia tisa, elfu. Vidole vinne vimekunjwa, chenji mia nne. Watoto wengi njia hii inawaingia upesi kuliko kukopa na kuweka, na si udanganyifu. Ni hesabu ileile imeingilia mlango wa mbele.

Saa pia ina ujanja wake. Mtoto wa Kiswahili anakutana na saa ya ukutani yenye mshale mfupi kwenye 7, huku nyumba nzima inasema ni saa moja. Mwonyeshe atazame namba iliyo upande wa pili, inayotazamana na mshale ule. Ya 7 inatazamana na 1, ya 12 inatazamana na 6. Atatembea siku nzima akiwauliza watu saa, vumilieni.

Na kama babu au bibi yupo, kuna bao. Bao kamili la mashimo 32 na kete 64 ni zito kwa mtoto wa miaka sita, maana wazee wenyewe hukunja uso. Chimbeni mchangani safu mbili za mashimo sita sita, kila shimo kokoto tatu. Kabla mtoto hajasambaza, babu aulize: "Ukianzia hapo, kokoto ya mwisho itaangukia wapi, mjukuu wangu?" Swali hilo ndilo lenye faida. Mtoto anahesabu kwa macho kabla ya mkono kwenda, na akikosea, shimo lenyewe linamwambia. Babu hana haja ya kufoka.

Najua kuna mzazi anayesema: "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Mama, baba, wewe ndiye msikilizaji bora. Mwambie mtoto akusomee, aweke kidole chini ya kila neno, kisha akusimulie kwa maneno yake. Simulizi ikienda hovyo, mwambie tu, "Hapo sijaelewa, rudia." Huhitaji kujua herufi kugundua hadithi imekatika.

Vitabu vinapatikana hata pasipo na duka la vitabu. African Storybook wana hadithi fupi za picha, za Kiswahili, bure, zinazosomeka kwenye simu, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Kwa wenye televisheni, Ubongo Kids, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2014, na Akili and Me kwa wadogo zaidi, ni vipindi vizuri. Ila kaa naye. Katuni haiwezi kumuuliza, "Kwa nini unafikiri alifanya vile?"

Mawili ya mwisho kwa haraka. Mtoto wa miaka sita akigeuza *b* ikawa *d*, usimwite mzembe. Katika umri huo ni kawaida, mwonyeshe tu na mwendelee. Na mchezo uacheni ungali mtamu, dakika kumi na tano au ishirini, kesho aukumbushe mwenyewe.

Sasa zima jiko kidogo, mwite mtoto karibu na redio. Mtoto mzuri, sikiliza. Umerudi dukani na chenji yako, shilingi mia nne. Mkononi una sarafu tatu tu. Sarafu zetu ni za hamsini, mia moja, mia mbili na mia tano. Unazo zipi hizo tatu? Mama, baba, msimwambie. Jibu tutalipokea kwa simu zenu wiki ijayo, siku kama ya leo, saa hii hii.

[MUZIKI UNAPANDA]