Makelele ya Uchaguzi Mjini: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Wanachama



Halmashauri imeniagiza niseme maneno machache juu ya majira ya uchaguzi katika mji wa Dar es Salaam, na hasa juu ya makelele yake. Naona wengine mmekwisha kucheka, maana hapana mkazi wa mji huu asiyeyajua. Walakini nawaomba tuyatazame kwa makini, kwa kuwa ndani yake limo jambo linalotuhusu sisi tushikao kalamu kuliko linavyowahusu wapiga ngoma.

Tangu vyama vingi viliporuhusiwa nchini mwaka 1992, kila ufikapo mwaka wa uchaguzi mji huvikwa nguo nyingine. Milingoti ya umeme hufungwa bendera, kuta hubandikwa picha za watu wanaotabasamu, na magari ya matangazo yenye vipaza sauti hupita Kariakoo, Magomeni na Manzese yakishindana kwa nyimbo. Karani aliye ofisini hufunga dirisha apate kusikia anayosemezwa na mtu aliyesimama mbele yake. Naye akiisha kufunga dirisha, joto humtoa jasho juu ya makaratasi ya watu. Maadili ya uchaguzi yalipanga mikutano ikome saa 12 jioni, na nadhani kifungu hicho ndicho kilichopata kushukuriwa na watu wa vyama vyote bila kubagua.

Wako wasemao kwamba vishindo hivi ni mambo mageni yaliyoletwa na siasa. Mimi sikubali. Wazee wetu wa pwani walikuwa na beni. Tangu mwisho wa karne ya 19 huko Mombasa na Lamu, kisha Tanga na hapa Dar es Salaam, watu walijigawa katika vyama vya ngoma za tarumbeta, wakavaa mavazi ya namna ya askari, wakapeana vyeo vikubwa vya jeshi, wakaandamana mitaani kila upande ukitaka kuufedhehesha mwingine kwa wingi wa watu, kwa nyimbo za mafumbo na kwa ukubwa wa karamu. Katika nchi yetu walioshindana sana ni Marini na Arinoti. Tena katika Marini walikuwamo makarani wengi, basi tusijifanye kana kwamba ukoo wetu haukupata kucheza.

Kwa hiyo chama cha siasa kilipohitaji kuwakusanya watu, njia ilikuwa imekwisha kulimwa. Kikundi cha Tanzania One Theatre kiliundwa mwaka 1992, nacho chini ya Kapteni John Komba kilichanganya kwaya, ngoma na taarabu kwa kukiimbia Chama cha Mapinduzi. Na mwenye kuijua taarabu ya mipasho anajua jinsi neno moja la kuchoma linavyoweza kufanya kazi ya hotuba nzima. Hata karamu za beni hazikukosa mrithi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, takrima ikapewa nafasi kama ukarimu wa desturi, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Wali wa mgombea ukaliwa kwa halali miaka ile yote, na aliyekula hakuulizwa.

Mwaka 2015 viwanja vya Jangwani vilijaa mara 2 katika juma moja: tarehe 23 Agosti kwa CCM, na tarehe 29 Agosti kwa vyama vilivyoungana kwa jina la UKAWA. Upande mmoja mgombea, Bwana John Magufuli, alipiga pushapu jukwaani watu waone nguvu zake. Upande wa pili wafuasi wa Bwana Edward Lowassa walizungusha mikono hewani kuashiria mabadiliko. Nikiri kwamba ni tamasha zuri kutazama, na maskini hutazama bila kulipa kiingilio. Lakini umati hauhesabiwi kuwa kura. Mwaka 1995 wafuasi wa Bwana Augustine Mrema walilisukuma gari lake kwa mikono yao wenyewe, wakikataa mtambo usifanye kazi ambayo wao wapo kuifanya. Matokeo yalipotoka alikuwa na kura karibu 28 katika kila 100, na Bwana Benjamin Mkapa karibu 62.

Mwaka huo wa 1995 ndio ninaotaka tukae nao. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu nchi kurudi katika mfumo huo, na mji ulikuwa umepiga kelele kwa majuma mengi. Ikafika Jumapili ya tarehe 29 Oktoba. Watu wakaamka alfajiri, wakapanga mistari. Katika vituo vingi vya Dar es Salaam karatasi za kura na vifaa vingine vilichelewa mno, na kwingine havikufika. Watu wakasimama juani. Hapakuwa na ngoma ya kuwaliwaza, wala gari la matangazo, kwa kuwa kampeni zilikuwa zimekwisha. Palikuwa na meza tupu na msimamizi asiye na la kujibu. Tume ya Taifa ya Uchaguzi, chini ya Jaji Lewis Makame, ilifuta uchaguzi katika majimbo yote 7 ya mji, na kura zikapigwa upya tarehe 19 Novemba. Katika majuma yale 3 wagombea wa upinzani wakatangaza kujitoa, vyama vikakimbilia mahakamani, na shaka ikaingia ambayo wengine hawajaiacha hata leo.

Angalieni, ndugu zangu, ni nini kilichoharibika. Si jukwaa, wala kipaza sauti, wala kwaya. Kilichoharibika ni kazi isiyo na sauti: kuhesabu karatasi, kufunga masanduku, kuandika ni gari lipi liende kituo kipi na nani atie sahihi ya kupokea. Hiyo ndiyo kazi yetu. Hakuna aliyepata kubebwa mabegani kwa kuandika hati ya kupokelea mali bila kosa, lakini siku ile mji mzima ulisimama juani kwa kukosa hati kama hizo.

Lipo na jambo la pili, nalo ni gumu kulisema mbele ya rafiki. Kanuni za maadili ya utumishi zilimruhusu mtumishi kuwa mwanachama wa chama akitaka, na kupiga kura yake. Zikamkataza kuleta siasa kazini, au kutoa siri za ofisi kwa ajili ya chama. Sasa mfikirieni mama aliyekuona jana mkutanoni umevaa kofia ya chama, unacheza mbele ya jukwaa. Leo amekuja dirishani kwako kuomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Yeye ni wa chama kingine. Huenda wewe utamwandikia upesi na kwa adabu. Lakini yeye hajui hivyo, naye atasimama pale akitetemeka, au atarudi nyumbani bila kuomba. Hapo hukuvunja kanuni yo yote, na mtoto hana cheti.

Wengine mtanijibu kwamba karani naye ni raia, na ngoma ni damu yake. Ni kweli. Mimi nasema avumilie miezi 2, akasikilize kwa mbali, kisha akaseme yake katika kile chumba kidogo cha kupigia kura ambamo hapana mtu amwonaye.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, natoa hoja kwamba wanachama wetu wakubaliane kutovaa kofia wala kanga ya chama cho chote kwa muda wote wa kampeni, hata nje ya saa za kazi. Na kwamba Katibu awaandikie wakubwa kuomba ye yote kati yetu atakayeitwa kusimamia kituo apewe mafundisho yake na orodha ya vifaa vyake mapema, avihesabu mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Najua sehemu ya kwanza ya hoja ina wapinzani humu ndani. Nawaomba wasikilizwe kabla ya kura kupigwa.