Mliokaa Nami
Somo: Luka 22:24-30

 

Leo nitaanza na habari ya mpira. Najua wako wazee watakaouliza, Mchungaji amepatwa na nini? Nawaomba mnivumilie.

Mwezi wa Juni mwaka 2025, katika uwanja wa Ulinzi huko Lang'ata, Nairobi, ilichezwa fainali ya kombe la Shirikisho la Kandanda la Kenya. Upande mmoja walikuwa Gor Mahia, klabu iliyoanzishwa mwaka 1968, mabingwa wa Kenya zaidi ya mara 20, ambao mwaka 1987 walilileta Kombe la Mandela la Afrika hapa nchini. Upande wa pili walikuwa Nairobi United, timu ya ligi ya daraja la pili, ambayo wengi wetu huku milimani hatukuwa tumelisikia hata jina lake. Filimbi ya mwisho ilipolia, wale wadogo walikuwa wameshinda mabao mawili kwa moja.

Siku ile uwanjani alikuwako ndugu mmoja wa parishi yetu. Jina lake silitaji, lakini mwenyewe ameniruhusu kuyasimulia haya. Kwao ni upande wa Runyenjes, na Nairobi anafanya kazi ya ulinzi wa usiku. Timu hiyo aliipenda ilipokuwa haina mtu. Akitoka lindoni asubuhi, badala ya kulala alikwenda kuitazama ikicheza kwenye viwanja vya vumbi na matope, watazamaji wakiwa wa kuhesabika kwa vidole. Mara nyingine alinyeshewa, akarudi kazini jioni na viatu vyenye maji. Wenzake walimcheka.

Siku ya fainali alikaa katikati ya watu waliovaa kijani cha Gor Mahia, akanyamaza kimya. Bao la pili lilipoingia alishindwa kunyamaza. Aliniambia, "Mchungaji, nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka siku tatu."

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Jioni ile simu yake haikutulia. Watu waliokuwa wakimcheka sasa walisema, "Tumeshinda!" Wengine walitaka kujua wapi watapata jezi. Ndugu yetu akaudhika. Akajiuliza moyoni, Hawa wanasema tumeshinda, je, siku za matope walikuwa wapi?

Aliporudi lindoni usiku, swali lile lilimgeukia yeye mwenyewe. Huku nyumbani ana kaka yake mkubwa, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amelala kitandani kwa ugonjwa wa kiharusi. Kaka huyo ndiye aliyemfundisha kucheza mpira uliofumwa kwa majani makavu ya migomba. Ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Kila mwisho wa mwezi ndugu yetu alituma pesa kwa simu. Pesa zilifika, lakini yeye mwenyewe hakufika. Alijiambia kwamba nauli ni ghali, na kwamba hana ruhusa ya kazini. Lakini nauli ya kwenda viwanjani aliipata, na usingizi wa kukosa aliupata.

Hapa nami sina budi kuungama jambo. Mgonjwa huyo ni mtu wa parishi yangu. Kwa miaka hiyo miwili mimi, mchungaji wake, nilikuwa nimeingia nyumba ile mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa na haraka.

Mwezi wa Julai ndugu yetu alipanda matatu akaja. Mnajua Julai yetu ilivyo, baridi na manyunyu tangu asubuhi mpaka jioni. Njia nzima, kuanzia Thika hadi Embu, alikuwa akitengeneza maneno ya kujitetea. Alipoingia chumbani alianza kuyasema. Kaka yake, ambaye ulimi wake umekuwa mzito, alimtazama kwa kitambo, kisha akasema neno moja tu: "Keti."

Akaketi. Akamsimulia fainali ile tangu mwanzo hadi mwisho, na kaka yake akacheka kwa upande mmoja wa uso, maana upande wa pili haumtii.

Kaka hakupona. Nasema hivyo wazi, maana tumezoea ushuhuda unaomalizikia kwa mgonjwa kuruka kitandani. Yeye yuko pale pale. Lakini tangu siku ile ndugu yetu huja kila mwezi, nami nimejifunza kufika nyumba ile bila kuangalia saa.

Wapenzi, sasa tulitazame somo letu. Luka anatueleza kwamba mezani, usiku wa mwisho, wanafunzi waligombana ni nani kati yao aliye mkubwa. Ni kama mashabiki wanaosukumana ili wapigwe picha karibu na kombe. Bwana angaliweza kuwafukuza. Badala yake aliwafundisha kwamba aliye mkubwa ni yule anayetumika. Kisha akawatambua kuwa watu waliokaa naye katika majaribu yake, akawaahidi nafasi mezani pake katika ufalme.

Hebu angalieni neema ilivyo hapo. Saa chache baadaye watu wale wale walikimbia, naye Petro akamkana. Bwana alijua, kwa maana katika mlango huo huo anamwonya Petro kabla jogoo hajawika. Hata hivyo hakuifuta ahadi yake. Walioshindwa kukaa aliwaita tena wakae.

Msikilizaji, nyumbani kwako ni nani aliye katika siku za matope? Matokeo ya mtihani yakitangazwa, mtoto aliyefaulu hubebwa juu mabegani, na jirani wote huja kunywa chai. Yule aliyeanguka hujifungia chumbani. Ni nani anayebisha hodi kwake? Mjane huzungukwa na watu mpaka siku ya mazishi, sufuria zikiwa mekoni. Wiki ya tatu, sufuria zikisharudishwa kwa wenyewe, ni nani anayepita kumwamkia? Kahawa ikikosa bei na mkulima akiwa na deni, ni nani anayeketi naye barazani? Mtume Paulo, katika Warumi mlango wa 12, hakutuagiza kuifurahia furaha ya wengine peke yake. Ametuagiza pia kulia pamoja na wanaolia.

Nimalize na habari ya timu ile. Nairobi United walipanda Ligi Kuu. Baadaye mwaka ule ule wa 2025 waliingia mashindano ya Afrika, wakaitoa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa mikwaju ya penalti, na mashabiki wakazidi kuongezeka. Nilimwuliza ndugu yetu kama hao wageni wanamuudhi bado. Akatikisa kichwa. "Mchungaji," akasema, "mimi nilichelewa miaka miwili na nikaambiwa keti. Sasa mtu akija uwanjani amechelewa, namsogezea nafasi."

Nilikwenda nyumbani nikiwaza juu ya wale vibarua wa shamba la mizabibu, walioajiriwa saa ya mwisho wakalipwa sawa na wa asubuhi. Ikiwa wewe ulikaa tangu mwanzo, Bwana amekuona. Usimnung'unikie aliyekuja jioni. Na ikiwa ulichelewa, usiongeze siku nyingine ya kuchelewa. Nenda leo. Usitengeneze maneno njiani. Nenda ukaketi.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyekaa nasi tulipokuwa hatuna sifa, utusamehe kwa vitanda tulivyovipita na milango tusiyoibisha. Utuonyeshe mtu mmoja wa kwenda kuketi naye juma hili, nawe uende pamoja nasi. Amina.